Saumu ya Nungu

Kiporo cha muhogo wa nazi kina harufu yake, na harufu hiyo ikikupata saa nne ya asubuhi katika mwezi wa Ramadhani, pua yenyewe inashtuka. Juzi ilinipata jikoni kwangu, na mwenye sahani nilikuwa mimi. Nina mimba, daktari amenikataza kufunga mwaka huu, basi nimesimama nyuma ya pazia nakula kwa vidole kama mwizi, sikio moja liko mlangoni. Binti yangu Mejumaa yuko uani na saumu yake ya kwanza tangu azaliwe, midomo imemkauka na fahari imemjaa, na mimi mamake mzazi natafuna polepole ili asinisikie. Hapo nikamkumbuka nyanya yangu na nungu wake. Nikacheka peke yangu hata muhogo ukanipalia.

Nyanya, Bi Mishi wa Msambweni, hajatimiza mwaka tangu atutoke. Baada ya arubaini, shangazi Mwanasha aligawa vitu vyake. Wengine walipata leso, mwengine akapata mbuzi ya kukunia nazi, na mimi nikatiwa mkononi kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kipande cha leso kuukuu. "Hiki chako," shangazi aliniambia. "Mama alisema asipewe mtu mwengine, na usikifungue mbele za watu." Nilikifungua nilipofika nyumbani. Ndani mlikuwa na gemu la mkononi, plastiki ya buluu iliyopauka, kona moja imebandikwa plasta ya hospitali. Nililia siku ile kuliko nilivyolia siku ya maziko, na mume wangu akadhani nimerithi dhahabu ikatokea kuwa ni bandia.

Nyinyi wa rika langu mnayakumbuka magemu yale, kabla simu hazijaingia mikononi mwa watoto. Mengi yalikuwa ya matofali ya kushuka, rangi moja, kelele moja. Hili letu lilikuwa la daraja nyingine. Lilikuwa na rangi, na lilitokana na katuni tuliyokwisha kuiona sote katika kibanda cha video kando ya barabara kuu. Ilikuwa katuni ya jamaa ya nungu, baba, mama na watoto wao, waliosafiri kwa mkokoteni kutafuta bustani ya matunda ambayo babu yao aliwahi kuiota. Walizungumza Kizungu cha mbio, hatukuambulia neno, kwa hiyo kila mtu kibandani alijitungia maelezo yake.

Kulikuwa na mahali ambapo jamaa nzima walijipanga safu, baba mbele, mama na watoto nyuma, wakainamisha vichwa mpaka pua zikagusa ardhi. Leo najua walikuwa wakinusa njia. Siku ile mtu mzima mmoja aliyekaa nyuma alisema kwa sauti ya ujuzi, "Wanasali hao," na kibanda kizima kikatulia kwa heshima. Na yule mtoto wao mdogo, mwenye tumbo, alivaa kofia ya mviringo, miiba imeitoboa ikatokeza juu. Hatukuhitaji ushahidi mwingine. Nungu wale walikuwa Waislamu, nasi tukawapenda zaidi.

Gemu lililetwa na shangazi. Alikuwa akifanya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Diani, na huko kitu kilichosahauliwa na mgeni kikikaa stoo muda mrefu bila kuulizwa, hupewa aliyekiokota. Kwa njia hiyo shangazi aliwahi kutuletea mwavuli, miwani ya kuogelea, na kiatu kimoja. Safari hii alileta nungu. Alinipa mimi na si Bakari, mwanawe wa kumzaa, kwa sababu Bakari alikuwa ameifungua redio ya nyanya kuitengeneza na tangu siku hiyo redio ilikaa ndani ya kopo. Wazazi wangu walikuwa na kazi zao Ukunda, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa yetu sisi wanne: nyanya, shangazi, Bakari na mimi.

Yule nungu mdogo alikaa chini ya kioo, mdomo wazi. Juu yake yalishuka maembe, ndizi, mapera na zabibu, na kazi yako ilikuwa kuyasogeza mpaka yanayofanana yapangane matatu. Yakipangana yanamdondokea mdomoni, anavimba tumbo, anapiga chafya ya furaha, ulimi nje. Akishiba kabisa, mkokoteni unasonga mbele kidogo kuelekea bustanini. Lakini alikuwa mlafi mno. Hata ukilizima gemu ukalifungia kabatini, njaa yake iliendelea humo humo. Likifika wakati wake liliwaka lenyewe, na nungu akaanza kujipiga tumbo kwa kijiko, ti-ti-ti, ti-ti-ti, machozi yakimtoka. Ukimwacha kutwa nzima alilala chali, miguu juu, na mkokoteni ukarudi ulikoanzia. Bakari alisema huko ndiko kufa kwenyewe. Tulimwita Mwinyi, kwa ajili ya kofia na tumbo.

Basi Ramadhani ikaingia. Ilikuwa likizo ya shule, na mwaka ule nyanya aliniruhusu kufunga siku nzima kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa nafunga hadi adhuhuri, saumu ya watoto, halafu naikuta sahani yangu imefunikwa kawa. Sasa nilikuwa mtu. Niliamshwa daku pamoja na wakubwa, nyanya akanifundisha kutia nia, na asubuhi nikatembea mtaa mzima nikitoa ulimi. Ulimi mweupe ndio uliokuwa cheti chetu. Watoto tulisimamishana njiani, "Toa ulimi," na mwenye ulimi mwekundu aliitwa kobe. Kobe ni yule anayekula mchana kwa kujificha, na hakukuwa na jina lililouma kuliko hilo. Afadhali uitwe mwizi, kwani mwizi huenda alikuwa na shida zake.

Saa nne ya siku ya kwanza, Mwinyi akajipiga tumbo. Nililikamata gemu, kidole kimeshaanza kulisogeza embe, ndipo nikaiona ile kofia. Kidole kikasimama. Nilikuwa nakaribia kumlisha Muislamu mwenzangu mchana wa Ramadhani.

Nikazungumza naye kwa upole. Nikamwambia, "Mwinyi, leo tumefunga. Na wewe umefunga, ila ulikuwa hujui." Nikakumbuka kwamba hakutia nia usiku, basi nikamtilia mimi kwa niaba yake, kwa Kiarabu chote nilichokuwa nacho, nikamalizia na dua ya kuingia msalani kwa sababu hiyo ndiyo niliyoihifadhi vizuri. Hakutulia. Kufika adhuhuri mashavu yalikuwa yamemwingia ndani, na mimi mwenyewe njaa imenikaba, tukawa tunatazamana tu kama wagonjwa wa wodi moja.

Bakari alisimama nyuma yangu. "Utamuua huyo. Mwache ale, yeye mnyama."

"Mnyama gani anavaa kofia?"

"Tumbili wa Diani alimnyang'anya mzungu kofia akaivaa, mamangu alimwona. Alisilimu?"

"Na kusali je? Tumbili anasali?"

"Basi toa betri," akasema. "Ukitoa betri njaa yake inasimama, na kila kitu kinasimama. Utazirudisha magharibi."

"Na wewe ukitolewa roho asubuhi ukarudishiwa magharibi, utasema umefunga?"

Alifikiri kidogo, akaona haiwezekani. Lakini kabla ya kuondoka aliniachia neno. "Akifia saumuni, dhambi yake yako," akasema, akaenda zake kucheza mpira. Neno hilo lilinikaa rohoni, kwa sababu sasa nilikuwa na njia mbili na zote zilipitia motoni. Nikimlisha, nimemfungulisha mja. Nisipomlisha, nimemuua.

Baada ya alasiri nilikwenda naye madrasa, nimemficha ndani ya mtandio. Maalim wetu alikuwa kijana aliyetoka masomoni karibuni, mkali wa sauti, na alipenda sana kutueleza habari za moto, aina zake na vyumba vyake. Nikainua mkono.

"Maalim, nungu anafunga?"

Darasa likacheka. Maalim hakucheka. "Mnyama hana saumu, hana sala, hana hesabu. Kaa chini."

"Na akiwa amevaa kofia?"

"Nani amemvika?"

"Hakuvikwa, amezaliwa nayo."

Bakari akanisaidia kwa kueleza kwamba jamaa yake nungu huyo husali kwa safu, baba mbele. Mtoto wa nyuma akasema ni kweli, yeye alishuhudia. Mwengine akashuhudia, na mwengine, mpaka maalim akajiona amezungukwa na mashahidi ambao sheria haiwezi kuwakataa. Akaagiza mtuhumiwa aletwe mbele. Nikampelekea. Akalishika gemu kwa ncha za vidole. Mwinyi alikuwa hoi, kijiko chenyewe akikiinua kwa taabu.

"Sasa huyu anataka nini?"

"Anataka maembe yapangane, maalim."

"Yapangane vipi?"

Nikamwonyesha. Akasogeza moja, kwa ajili ya uchunguzi. Akasogeza la pili. Nungu akapiga chafya, maalim akashtuka, halafu akatabasamu, halafu akakumbuka kukunja uso. Akatuambia tusome kwa sauti. Tukasoma. Tukamaliza tuliyopewa, tukarudia, tukamaliza tena, na maalim bado yuko na mapera yake, ncha ya ulimi imemtoka pembeni ya mdomo. Niliutazama ulimi ule, ulikuwa mweupe, nikamwamini zaidi. Aliyemzindua ni imamu mwenyewe, mzee, aliyepita na kusimama mlangoni akakohoa. Alikohoa mara moja tu, kikohozi cha mtu asiyeumwa, na maalim akasimama wima.

"Huyu ni mtoto," alitoa hukumu, akinirudishia gemu. Mwinyi alikuwa amevimba kama mpira na mkokoteni umesonga mbele. "Mtoto halazimiki kufunga."

"Mimi pia ni mtoto, maalim. Na nimefunga."

Akautazama mlango. "Muulize nyanya yako," akasema. Kwa hesabu yangu dhambi ya siku ile ilikuwa ya maalim, na yeye alikuwa na thawabu za kutosha kuilipia. Bado zilibaki siku nyingine zote.

Nyanya nilimkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilimweleza shauri lote, kofia, safu, nia, mpaka ile dua ya msalani. Mtu mwengine angecheka. Nyanya aliendelea kukuna, kisha akauliza, "Kibla anakijua?"

"Sijui, nyanya. Wako safarini, kila siku mahali pengine."

"Basi niachie mimi mchana nikutunzie. Ukikaa naye wewe utamwonea huruma umlishe, au Bakari amfungue kama redio yangu. Wewe kaifunge yako."

Mzigo ukanitoka kichwani. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nilimkabidhi nyanya gemu, naye akalifunga kwenye pindo la leso. Magharibi nilirudishiwa, na Mwinyi akakaa mkekani nasi, kati ya tende na bakuli la kaimati. Adhana ikilia, kabla sijagusa maji, nilimpangia matunda yake kwanza. Shangazi alikuwa ametoka kazini, miguu inamuuma, koo limemkauka. "Hivi na huyu tumngoje?" aliuliza. Nyanya akamwambia mgeni hungojwa.

Zikapita siku, nikaanza kuona jambo. Mwinyi alikuwa ananenepa. Mimi saumu ilinikausha, Bakari ilimkausha, shangazi alikuwa amebana sketi yake kwa pini, na nungu peke yake ndiye aliyekuwa anafutuka. Kijiko hakukigusa tena. Jioni moja alipiga chafya mbele ya uso wangu, na ulimi aliotoa ulikuwa mwekundu kama tikiti. Nilijua nimelala nyumba moja na kobe, na nilijua nani aliyemfanya kobe.

Nilimshika Bakari kisimani. "Toa ulimi." Akautoa, mweupe pe. Nikamwambia hata waongo wana ndimi nyeupe, tukakamatana, ndoo ikamwagika, akaapa kwa kila kilichoweza kuapiwa kwamba hajaligusa gemu lile. "Mimi hata kuliona sioni," alisema. "Analo nyanya kutwa." Nilimwachia, lakini sikumwamini.

Kesho yake nikaaga kwamba naenda kuokota kuni. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikavua champali, nikaingia kwa mlango wa jikoni kwa ncha za vidole. Kilichonipokea ni harufu. Muhogo wa nazi, wa futari ya jana, saa nne ya asubuhi. Nilidhani ni njaa inanidanganya. Nikaifuata mpaka kwenye pazia la chumba cha nyanya, nikachungulia.

Nyanya alikuwa ameketi kitandani, sahani mapajani, gemu ameliegemeza kwenye mto. Alitia kipande mdomoni, akabonyeza. Akatia kingine, akabonyeza. "Kula, mwanangu," alikuwa akinong'ona. "Kula, tuko wawili." Na Mwinyi, mwana kukosa haya, akapiga chafya.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nyanya, aliyetugongea mlango wa daku, aliyenishika mkono akanitamkisha nia neno baada ya neno, nyanya yangu alikuwa kobe. Moto niliujua vizuri, maalim alikuwa ametueleza mpaka vyumba vyake. Nikawaza magoti ya nyanya, ambayo hata jua la uani yalikuwa hayaliwezi. Nikawaza Bakari akijua, kwa sababu Bakari akijua leo, kesho mtaa mzima unaimba. Nilirudi nyuma kimyakimya, nikaenda kukaa chini ya mshokishoki wa jirani, nikalia mpaka nikaogopa kwamba machozi niliyoyameza yamenifungulisha.

Huko ndiko nilikopata shauri. Deni la mtu hulipwa na mtu wake, hilo nililisikia. Nyanya amekula mchana. Mchana wenyewe umeshakwenda, lakini usiku ulikuwa bado mzima, hakuna aliyeutumia.

Magharibi adhana ikalia. Shangazi akachukua tende, Bakari akachukua tatu. Mimi nimeweka mikono mapajani.

"Futuru," shangazi akasema.

"Sitaki."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Naendelea."

"Unaendelea na nini?"

Bakuli la uji lilifuka moshi mbele yangu, kaimati zinang'aa kwa shira, na mate yalinijaa mdomoni nikawa nayatema pembeni. Shangazi akanigusa paji la uso, akasema mtoto amepatwa na jambo, wamtafute mtu wa kumsomea. Nyanya alinitazama mimi, akalitazama gemu, akanitazama tena. Kisha akainuka, magoti yakilia, akachukua kisahani cha tende na mkono wangu, akaniingiza chumbani kwake na kushusha pazia.

"Umeniona," akasema.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Na sasa unafanya nini?"

"Nafunga yako."

Nyanya akakaa kitandani ghafla. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikaona anacheka, halafu nikaona ni yote mawili kwa pamoja. Alinivuta akanikalisha kwenye lile paja lililobeba sahani.

Aliniambia ana sukari. Daktari wa hospitali amemkataza kukaa na njaa, na dawa zake haziliwi tumbo tupu. "Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye aliyewapa ruhusa wagonjwa," alisema. "Sikuiba. Na ule mchele ninaokutuma kumpelekea kila siku yule mzee kipofu, unadhani ni wa nini? Ndio fidia ya siku nisiyofunga." Mimi siku zote nilidhani nyanya ana mchele mwingi.

"Mbona basi unajificha?"

"Kwa sababu wewe umefunga. Mtoto anafunga mara ya kwanza, amwone nyanyake anatafuna? Kesho nani atamtoa kitandani kula daku? Mwenye udhuru hula faraghani, mwanangu. Ni adabu kwa waliofunga."

"Na Mwinyi?"

Hapo nyanya akanyoosha pindo la leso. "Maisha yangu yote nimekula na watu," akasema. "Sinia moja, mikono mingi. Ndio mwaka wa kwanza nala peke yangu nyuma ya pazia, na hakiniteremki. Ulipomleta kijana huyu na njaa yake nikasema, huyu ndiye mwenzangu."

"Lakini yeye si mgonjwa."

"Si wewe uliyeniambia yuko safarini? Msafiri pia ana ruhusa. Atalipa siku zake akifika huko bustanini."

Niliona sawa kabisa, wala sikuwa na swali tena. Nyanya akanitia tende mdomoni kwa mkono wake, na mpaka leo sijala tende iliyoifikia ile.

Tangu siku hiyo nilipata kazi. Ikifika saa nne nilikaa kizingitini na ulimi wangu mweupe, nyanya na Mwinyi wakala ndani, na mtu akitokea njiani nilikohoa. Nilikiiga kikohozi cha imamu. Tabu yetu kubwa ilikuwa Bi Mwanakombo, jirani, ambaye hakupitisha asubuhi bila kuja kuazima chekeche, au kurudisha chekeche, au kuuliza kama chekeche limerudi. Nilimkohoa siku nyingi hata akanihurumia, akaniletea tangawizi na asali niwekewe ya kufuturu, na akamlaumu nyanya kwa kumfungisha mtoto mwenye kifua. Nyanya alitoka chumbani anapangusa mdomo kwa leso, amekausha sauti kama mtu aliyekaa jangwani. "Ni vumbi tu, Mwanakombo," akasema. Nilijivunia mimi, wala hakuna aliyejua ninajivunia nini. Bakari nilimwomba radhi kwa kumwachia kaimati zangu, naye hakuuliza sababu.

Idi ilipopita, nyanya aliniomba gemu. Hakusema nimpe, alisema nimwazime mpaka mwakani. Mwakani akaomba mpaka mwaka mwengine. Nikakua, nikaenda kusoma, nikaolewa Bongwe, Mwinyi akabaki kwenye sanduku la nyanya, hana betri, ana njaa iliyosimama, akingojea mwezi uandame. Sikuwahi hata kuuliza kama alifika bustanini.

Basi juzi, muhogo uliponitoka kooni, nilikwenda kulitoa gemu kwenye droo. Nikachomoa betri za rimoti ya televisheni, nikazitia. Nilidhani limekufa. Kioo kikachelewa, kikapata rangi, na Mwinyi akafumbua macho, mashavu yameingia ndani, akaanza na kijiko chake, ti-ti-ti.

Mkokoteni ulikuwa umesimama mbele ya lango la bustani. Lango lenyewe lilikuwa wazi, na ndani nikaona miti ya matunda ambayo hatukuwahi kuiona, wala mimi, wala Bakari, wala maalim. Ilibaki ashibe mara moja tu aingie. Nyanya alikuwa amemfikisha pale, na kwa miaka sijui mingapi alimlisha nusu shibe, Ramadhani baada ya Ramadhani, asivuke. Akivuka amefika, na aliyefika si msafiri tena, itambidi afunge kama watu wote. Na nyanya angebaki na sahani yake peke yake.

Nilisimama pale na gemu mkononi, nikamkosa nyanya yangu, nikamkosa hasa. Kisha nikaliegemeza kwenye kopo la chumvi, nikamega kipande cha muhogo, nikampangia maembe matatu. Akapiga chafya. Nikala, nikabonyeza, nikala, na tumbo lake lilipokaribia kujaa nikaacha.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Kikohozi kimoja, kikavu, cha mtu asiyeumwa. Nikabaki na muhogo shavuni. Kikaja cha pili, kikali zaidi, na nyuma yake sauti ya jirani yangu ikipiga hodi, na ya Mejumaa ikimkaribisha polepole, ikimuuliza hali yake, na ya watoto wake, na ya kuku wake.

Kikohozi hicho Mejumaa sikumfundisha mimi; yeye alikirithi kwa nyanya. Niliisukuma sahani nyuma ya mtungi, nikapangusa mdomo kwa leso, nikakausha sauti, nikatoka. Mejumaa alikuwa amekaa kizingitini, midomo mikavu, anachora mchangani kwa kijiti, na hakugeuka kunitazama.